Shahada, Sabuni na Kibuyu cha Mwisho

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha leo, nayo imenikuta njiani kutoka chuoni. Teksi hazina petroli, na basi moja lililokuwa nayo lilijaa hadi watu wakaning'inia mlangoni, basi nimetembea mpaka Gasenyi nikitota kama nguo ya kufua. Sasa miguu yangu iko ndani ya beseni la maji ya moto, na mume wangu Byamungu amekaa kando akiniuliza kama huko kwenye masomo makubwa hawajafika bado kwenye somo la mwavuli.

Naandika ili nisimjibu.

Nimeanza shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, madarasa ya jioni. Sababu ni hii. Mimi na jirani yangu Adélaïde tuna karakana ya sabuni kule Buterere, ukingoni mwa mashamba ya mpunga. Tunapika mafuta ya mawese na soda kali ya sabuni, tunamimina kwenye fremu za mbao, tunakata, tunauza. Mwezi wa nane walikuja watu wa shirika moja la misaada wakitafuta sabuni kwa ajili ya kambi za waliokimbia vita. Wakatuuliza sehemu yetu ya soko ni ipi, na mkakati wetu ni upi. Mimi nikatoa macho. Adélaïde akawajibu bila kupepesa: "Strategi yetu ni kupika sabuni." Wakaaga kwa adabu, hatujawaona tena. Siku ile niliapa kwamba sitaaibika hivyo mara ya pili.

Mwalimu wetu anaitwa Sébastien. Ni mwembamba, koti lake moja, viatu vyake vya matope kwa sababu anatembea kutoka Carama. Hufundisha kwa Kifaransa, lakini kabla ya kufundisha kitu chochote alipita mbele ya kila mmoja wetu na kumwuliza mteja wake ni nani, kwa Kiswahili chake: "Kliyenti wako ni nani?"

Nikasema, "Ni bamama benye kufua."

"Apana," akasema, akapita.

Apana tu! Bila maelezo. Nimelipa ada ili niambiwe apana.

Jumatano, 8 Oktoba

Umeme hakuna. Tumesoma kwa mishumaa habari za kiwanda cha mtindi cha Uswisi chenye malori ya barafu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mtindi.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo Mzee Astère ameleta mafuta. Huyu ndiye anayetulisha sisi sote, maana mawese yetu yote hutoka kwake. Anayakusanya kwa wakulima kule kusini upande wa Rumonge, anaomba nafasi kwenye malori yanayokwenda kwa msafara na askari kwa sababu ya vita, kisha anamalizia kwa baiskeli mpaka Buterere, bidoni, yaani madumu ya mafuta, zimefungwa huku na huku. Ni mzee mkimya, kofia yake haimtoki kichwani.

Kupakua kulikwisha upesi. Kukaa ndiko hakukwisha. Adélaïde alimkalisha kwenye benchi, akamletea pombe ya ndizi kwenye kibuyu, wakaulizana habari za watu wote wa kusini, waliopo na wasiopo. Mzee akasema anakwenda. Adélaïde akasema kaa kidogo. Mzee akakaa. Akasema tena anakwenda, akasimama kabisa, na ndipo Adélaïde akajaza tena kibuyu akamletea mkononi. Hiyo Warundi wanaiita agashinguracumu. Mgeni haondoki bila hiyo. Zamani, kwa wazee wao, mgeni alikuwa akichomeka mkuki wake nje ya nyumba, na hicho ndicho kinywaji cha kuung'olea.

Mimi nimetoka Bukavu, nimekaa mji huu wa Burundi miaka mingi, naijua hiyo ya kwenye harusi na matanga. Lakini karakanani? Kila anayekuja kununua, kuleta, kuuliza njia, ni benchi, kibuyu, kibuyu cha mwisho. Wafanyakazi nao wanasimamisha mikono kusikiliza mazungumzo, na pipa la sabuni linaungua.

Jumatatu, 20 Oktoba

"Kliyenti wako ni nani?"

"Ni bacommerçants ba soko, benye kununua juu ya kuuzisha."

"Apana."

Zénon anayekaa nyuma yangu, mtumishi wa wizara fulani, ambaye hana biashara yoyote na anataka shahada ili apandishwe cheo, alijibu kwamba mteja wake ni waziri. Mwalimu alimwangalia muda mrefu na kusema, "Umekaribia sana." Nimeumia moyo. Zénon!

Somo la leo lakini lilikuwa zuri, lazima niseme ukweli. Chora kazi yako yote kuanzia mlangoni mpaka mlangoni. Kila hatua jiulize: hii inaongeza thamani? Kama haiongezi, iondoe. Nilichora usiku huu huu karakana yetu nzima, na kila mahali mshale wangu ulikwama kwenye benchi la Adélaïde.

Alhamisi, 23 Oktoba

Nimemwambia. Nilimwonyesha mchoro, mishale, kila kitu. Nikamwambia pombe ya kuaga iishe, anayekuja anahudumiwa, anapewa risiti yenye muhuri, anakwenda, na benchi linatoka.

Adélaïde aliugeuza mchoro chini juu, akaurudisha.

"Ernestine, we unataka kufukuza batu?"

"Sifukuze mutu. Nataka kazi itembee."

"Kazi inatembea. Batu ndio banakaa."

"Mambo ya kukaa iko nyumbani. Hapa ni antreprizi, ni biashara."

Akageukia pipa lake. Yeye si mtu wa kugombana, na wakati mwingine naona afadhali angegombana. Alisema tu kwamba yeye mlangoni hatasimama kumwambia mtu nenda, hiyo nitaifanya mimi mwenyewe mwenye shule. Nikasema sawa. Benchi tumelitia stoo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mvua. Kazi imekwisha mapema kuliko siku zote. Hata pipa moja halijaungua. Nimefurahi mpaka nimemsamehe Byamungu, ambaye lori analoendesha limelala bila mafuta tangu nchi za jirani zilipotuwekea vikwazo, na ambaye kwa hiyo anashinda nyumbani akinishauri.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mtindi tena. Nimeinua mkono kumwuliza mwalimu hao Waswisi hufanya nini nchi za jirani zikifunga mipaka yao yote. Akasema, "Swali zuri." Kisha akaendelea na mtindi.

Jumanne, 4 Novemba

Mzee Astère amekuja. Adélaïde alikuwa kanisani Kinama kwenye mazishi, basi nilimpokea mwenyewe. Nilimhudumia kwa heshima zote. Tukapakua, nikaandika risiti, nikagonga muhuri. Akasimama. Akasema anakwenda. Nikasema, "Asante muzee, safari njema." Akabaki amesimama kidogo, akiangalia mahali palipokuwa na benchi. Akasema tena, taratibu, kwamba basi anakwenda. Nikamwambia asichelewe, mvua inakuja.

Akakunja ile risiti mara nyingi sana mpaka ikawa ndogo kama kidonge, akaiweka chini ya kofia, akaondoka. Nilimaliza kazi saa tisa. Saa tisa! Mwalimu Sébastien akija hapa atalia kwa furaha.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua, mvua, mvua. Maji yameingia karakanani mpaka kwenye vifundo vya miguu. Tumeinua soda juu ya matofali.

Jumatatu, 17 Novemba

Mzee Astère hajaja. Tulimtarajia juma lililopita. Bidoni zinakaribia kukauka. Nilisema ni barabara. Adélaïde akasema barabara ilikuwa mbaya pia mwaka jana na mzee alikuja. Kisha akanigeukia.

"Siku ile ya matanga, ni we ulimupokea?"

"Ni miye."

"Ulimukalisha?"

"Benchi iko mu stoo, unajua."

"Alisema anaenda mara ngapi?"

"Mbili. Halafu akaenda."

Adélaïde akashika mdomo. Nikamwona mtu mpole akipandwa na hasira kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alisema mzee yule alitembea na kifo begani barabara nzima kutuletea mafuta, akaaga mara mbili, na nyumba nzima haikumwambia subiri. Alisema hata mtu aliyekuja kukudai anapewa kibuyu cha kuaga. Hata mtu usiyempenda anapewa, hasa huyo. Kumwacha mgeni ang'oe mkuki wake mwenyewe ni kumwambia usirudi.

Nikasema kwa sauti ambayo sasa ninapoiandika naichukia: "Adélaïde, hiyo haiko ndani ya mukataba wa fournisseur mwenye kutuletea mafuta."

Alivua aproni, akaitundika vizuri kwenye msumari, akaenda nyumbani kwake.

Jumanne, 18 Novemba

Adélaïde hakuja.

Jumatano, 19 Novemba

Hakuja. Sikwenda chuoni.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimezunguka mji mzima nikitafuta mawese. Sokoni waliniambia kila tone linalofika limekwisha kuahidiwa. Mwenye karakana nyingine ya sabuni alinionyesha mapipa yake yaliyojaa na akatabasamu kama fisi. Nilimwuliza anapata wapi. Akasema, "Kuna muzee mumoja." Sikuuliza jina. Sikutaka kulisikia likitoka kwenye mdomo ule.

Wakati huohuo wanunuzi wamejipanga mlangoni kwetu. Mji mzima unataka sabuni. Hakuna aliye na haja ya kubembelezwa. Ningeweza kuwatukana wangenunua tu, ila sina cha kuwauzia.

Jumatatu, 24 Novemba

Leo nimefanya kosa la kumweleza Zénon mkasa wangu kabla ya darasa. Zénon ana mdomo mwepesi, naye akamweleza mwalimu, na mwalimu kwa mara ya kwanza tangu Oktoba aliuweka mtindi kando. Alichora karakana yangu ubaoni. Wakafanya mjadala juu yangu kwa saa mbili, mshumaa mmoja, watu ishirini, kila mmoja ana lake. Mmoja akasema niwe na wauzaji wengi wa mafuta. Wako wapi? Mwingine akasema nibadilishe nitumie mafuta ya pamba. Yako wapi? Zénon akapendekeza niunde tume.

Mimi nikapandisha hasira. Nikasimama nikamwambia mwalimu mbele ya watu wote: "Ni weye ulisema tuondoe bintu benye haviongeze thamani. Niliondoa. Sasa niko bila mafuta na bila rafiki. Hii diploma yenu inafaa nini?"

Niliona mwalimu amekonda zaidi kuliko mwezi uliopita. Akafuta vumbi la chaki mikononi.

"Nilisema ujiulize kama inaongeza thamani," akasema. "Ulijiuliza?"

Nikasema niliona jibu kwenye mchoro.

"Muchoro ulifanya na nani?"

Niliuchora peke yangu, mezani kwangu, mlango umefungwa.

"Kliyenti wako ni nani, madame Ernestine?"

Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Nimetembea hadi nyumbani nikilia kwa hasira, na nilipofika Byamungu hakunitania, jambo lililonitisha zaidi.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimewaambia wafanyakazi wabaki makwao mpaka niwaite. Mapipa yamepoa. Sijawahi kuisikia karakana ikiwa kimya hivyo.

Jumanne, 2 Desemba

Nimeketi na yale madaftari ya chuo kwa hasira, nia yangu ilikuwa nitafute mahali walipokosea ili nimwaibishe mwalimu mtihani utakapofika. Sikupata. Nilipata ukurasa ambao niliuandika mwenyewe mwezi wa kumi bila kuuelewa: wakati kitu ni haba, angalia nani anaweza kukuacha.

Niliusoma nikasimama. Wanunuzi hawawezi kuniacha, wataenda wapi? Bamama wanaofua hawawezi kuniacha. Wachuuzi wa soko hawawezi. Katika biashara yangu yote kuna mtu mmoja tu anayeweza kupinda baiskeli yake na kuingia mlango mwingine. Nimekuwa nikimpa risiti. Adélaïde, ambaye hajui neno hata moja la mambo haya, alikuwa akimpa kila kitu kingine, naye wala hakukifanya kama biashara. Alikifanya kwa sababu mzee ni mtu. Mimi nilihitaji kusoma ili nione jambo alilokuwa akilitenda mbele yangu, na bado sijui kama ninaona lilelile analoliona yeye.

Najikasirikia. Najikasirikia mno.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimekwenda kwa Adélaïde. Alikuwa anachambua maharage. Nikachukua ungo mwingine nikakaa. Tukachambua mpaka maharage yakaisha.

"Mi sikutaka kukufundisha mambo ya Burundi," akasema mwishowe. "Niliona unakimbia, nikasema atachoka, atakaa. Haukukaa."

"Nimekaa sasa."

"Sasa benchi iko mu stoo," akasema, lakini mdomo wake ulicheza kidogo.

Ijumaa, 12 Desemba

Redio imesema msafara umeshambuliwa kwenye barabara ya kusini. Haikutaja majina. Tangu asubuhi nimekaa kando ya redio. Nilikuwa nataka mafuta. Leo sitaki mafuta, nataka tu kusikia kwamba yuko hai yule mzee niliyemwambia asichelewe mvua inakuja.

Jumapili, 14 Desemba

Hakuna habari.

Jumatatu, 15 Desemba

Hakuna. Mvua ya mawe.

Jumatano, 17 Desemba

Asubuhi Adélaïde alikuja mbio, kanga imemvuka begani. Mzee Astère yuko hai. Yuko kulekule Buterere, kwa dada yake Odette, mguu umeumia, alishuka kwenye lori akalala mtaroni mpaka risasi zikaisha. Bidoni nyingine zilitoboka. Nyingine anazo.

"Twende," nikasema.

"Kuna egzameni yako leo."

Ulikuwa mtihani wa mdomo, wa mwisho wa muhula, saa nane mchana. Ukikosa hupewi mwingine. Nilikata shauri niende mtihanini kwanza halafu kwa mzee, kwa sababu ndivyo nilivyo, nataka vyote. Adélaïde hakunilaumu. Alisema yeye ataandaa.

Mwalimu Sébastien alikuwa amekaa mbele na wenzake wawili. Hakunisalimu.

"Kliyenti wako ni nani?"

"Ni Muzee Astère," nikasema. "Yule ananiletea mafuta."

Kalamu yake ikasimama. Wale wawili wakaangaliana, mmoja akasema kwa Kifaransa kwamba huyo ni mwuzaji wa malighafi, si mteja. Mwalimu akainua mkono kumnyamazisha.

"Kwa nini?"

"Juu ni yee peke anaweza kuniacha."

"Na amekuacha?"

"Nilimuachisha miye. Aliaga, sikumwambia asubiri."

"Yuko wapi sasa?"

"Buterere. Aliponea mu ile msafara ya Ijumaa. Anaumwa muguu."

"Umemuona?"

"Bado. Nilikuya hapa kwanza."

Basi akavua miwani, na yule mtu aliyeniambia apana msimu mzima akanifokea kama mtoto: "Sasa unafanya nini hapa? Toka!"

"Na maswali ingine?"

"Toka, madame!"

Nimetoka. Sijui kama nimefaulu. Nilikimbia na viatu mkononi.

Adélaïde alikuwa ananingoja njia panda na chungu cha pombe ya ndizi kichwani, kimefungwa kwa jani la mgomba. Kwa Odette tulimkuta mzee amekaa kwenye mkeka, mguu juu ya mto, kofia kichwani. Bidoni zilikuwa ukutani. Nilijilazimisha nisiziangalie.

Kirundi changu ni kibovu, lakini pombe haikabidhiwi bila maneno, na Adélaïde alikataa kuniazima mdomo wake. Nikasimama na kusema kwa Kiswahili.

"Muzee, siku ile ulikuya kwangu ukaaga mara mbili. Mi nilisikia na sikujibu. Sikuya kuomba mafuta. Nilikuya kukuambia subiri."

Odette akaleta kibuyu. Tukanywa. Wakaongea, yeye na Adélaïde, juu ya watu wa kusini, na safari hii majina ya wasiopo yalikuwa mengi, na kuna jina moja lililomfanya Adélaïde ajifunike uso. Nilisikiliza. Sikuangalia saa. Mafuta hayakutajwa hata kidogo, na mimi nikawaza: basi, amekunywa kwa adabu tu, kesho yataenda kwa yule wa mapipa. Nilihisi kwamba ndivyo ninavyostahili.

Kiza kilikuwa kimeshaingia na saa ya amri ya kutotoka nje ilikuwa inakaribia. Nikasimama, nikasema tunakwenda. Hakuna aliyejibu. Nikachukua viatu vyangu. Nikasema tena, basi sisi tunakwenda. Nikafika mlangoni, mvua inanirukia usoni, na nikajua sasa mzee alijisikiaje siku ile, amesimama akiangalia mahali pasipo na benchi.

"We mama wa sabuni," mzee akaita nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa ameegemea ukuta na kusimama kwa mguu wake mmoja mzima, Odette anamshika kwapa, na mkononi alikuwa na kibuyu, kimejaa mpaka mdomoni.

"Unakimbilia wapi? Kaa chini. Haujapewa ya mwisho."